Nywele zinapungua utosini: wanaume tuelezane ukweli kabla hujanunua chupa nyingine ya mafuta

#1 Mfamasia wa Mtaa

Wakuu, habari za muda huu.

Niko famasi kila siku, na haipiti wiki bila mwanaume kuvua kofia, kuinamisha kichwa kwenye kaunta na kusema, "Kaka hebu niangalizie hapa juu." Wengi wanafika wakiwa wameshamaliza hela: mafuta ya nyonyo, maji ya kitunguu, mafuta ya kupandisha nywele yanayouzwa mitandaoni kwa picha za kabla na baada. Miaka miwili inakatika, utosi unazidi kuonekana. Inaniuma, kwa sababu miaka hiyo miwili ndiyo ambayo tiba ingefanya kazi vizuri zaidi.

Nataka tuelewane jambo moja tu: utosi ukipungua, sababu haiko moja, na dawa ya aina moja ni kupoteza muda kwa aina nyingine. Jua kwanza una aina gani, ndipo uingie mfukoni.

Tuanze na ule wa kurithi, maana ndio unaowapata wengi. Huu unachagua sehemu: pembe mbili za paji la uso, na utosini. Nywele za kisogoni na juu ya masikio huwa haziguswi, ndiyo maana hata mzee mwenye upara kamili bado anabaki na nywele pembeni. Wapo wanaoanza mbele, wapo wanaoanza nyuma juu tu huku mbele kuko sawa. Hawa wa nyuma ndio wanaochelewa kujua, kwa sababu kioo hakiwaonyeshi. Wanaambiwa na kinyozi, au wanaona picha ya harusini waliyopigwa kwa nyuma.

Kinachotokea ni hiki. Mwili hubadilisha sehemu ya testosteroni, ile homoni ya kiume, kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi iitwayo DHT, kwa kutumia kimeng'enya kinachoitwa 5-alfa reduktasi. Kwa mtu aliyerithi, mashina ya nywele za utosini yanaathiriwa sana na hiyo DHT. Nywele ya kichwani kwa kawaida huota mfululizo miaka 2 hadi 6, hupumzika kama miezi 3, hudondoka, kisha nyingine hutoka pale pale. DHT inafupisha ule muda wa kuota, na kila mzunguko shina linazidi kunywea. Nywele inayotoka ni nyembamba kuliko iliyotangulia, fupi zaidi, rangi hafifu, mpaka inabaki malaika kama ya kwenye mkono. Kwa hiyo mara nyingi huoni nywele zikimwagika bafuni. Zinasinyaa pale pale zilipo.

Haya si maneno ya vijiweni. Mwaka 1942 mtafiti wa Marekani, James Hamilton, alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakupata upara, lakini walipopewa testosteroni, wale ambao kwao kuna upara wakaanza kuupata. Yaani vitu viwili lazima vikutane: homoni na urithi. Baadaye, mwaka 1974, ikachapishwa habari ya watoto wa kijiji cha Salinas huko Jamhuri ya Dominika. Walizaliwa wakidhaniwa ni wasichana, walipobalehe maumbile yakawa ya kiume. Walikuwa na upungufu wa kile kimeng'enya nilichokitaja. Utu uzimani hawakupata upara, na tezi dume zao zilibaki ndogo. Kampuni ya dawa ya Merck ikaona njia hapo: ukikizuia kimeng'enya, unapunguza DHT. Ndiko ilikotoka finasteridi, nitaifikia.

Sasa tuache kusingizia. Kofia haileti upara. Punyeto haileti upara, na najua humu kuna vijana wanajilaumu usiku kucha kwa hilo. Maji ya chumvi hayaleti. Wala mwenye upara hana testosteroni nyingi kuliko wengine. Tofauti iko kwenye mashina ya nywele zake. Na ule msemo kwamba upara unatoka kwa wajomba tu una ukweli nusu: jeni moja kubwa inayohusika iko kwenye kromosomu X, ambayo mwanaume anaipata kwa mama yake, lakini jeni nyingine nyingi zinachangia na upande wa baba nao umo.

Naendelea chini, msiniwahi.

#2 Mfamasia wa Mtaa

Hii sehemu ndiyo iliyonifanya niandike uzi, naomba isomwe taratibu.

Kuna upara wa kovu. Hapa shina halisinyai, linaungua kwa uvimbe wa ndani na nafasi yake inashikwa na kovu. Upara wa kurithi ni shamba lililochoka udongo, ukiliwahi na mbolea linatoa kitu. Upara wa kovu ni shamba lililomwagiwa zege. Dawa ya kuotesha haioteshi kitu kwenye zege.

Kuna aina moja ambayo madaktari wa ngozi huiita kwa kifupi CCCA. Inaanzia katikati ya utosi na kutanuka kwenda pembeni, na inawapata zaidi watu wenye asili ya Afrika. Wanawake ndio wengi, lakini wanaume nao wanapata, na kwa kuwa mwanaume akipungukiwa utosi kila mtu anasema ni upara wa ukoo, hagunduliki mapema. Mwaka 2019 watafiti walikuta baadhi ya wanawake wenye tatizo hili wana hitilafu kwenye jeni inayoitwa PADI3, inayohusika na uundaji wa nywele. Kwa hiyo tuwaache wake zetu na lawama za kusuka na dawa za kunyoosha kana kwamba ndicho chanzo pekee.

Jipime hivi. Mwombe mtu akumulike utosini kwa tochi ya simu, mchana, kichwa kikiwa kimeoshwa hakina mafuta. Atazame ngozi, asitazame nywele. Akiona vitundu vidogo vidogo na ndani yake vinywele vyembamba, shina bado lipo. Akiona ngozi laini, inang'aa, vitundu havipo kabisa, hapo pana shaka ya kovu. Na ujiulize: unawashwa pale? Panachoma? Panauma ukigusa? Kuna vipele, magamba au usaha? Upara wa kurithi hauna maumivu. Ukijibu ndiyo hata kwa moja, usianze na dawa ya dukani, nenda kwa daktari wa ngozi. Anaweza kukata kipande kidogo sana cha ngozi kikapimwe. Pale Moshi, hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda kilichoanzishwa mwaka 1992, na wataalamu waliosomea pale wametawanyika kwenye hospitali nyingi za mikoa. Ulizia hospitali ya mkoa wako kabla hujafikiria kusafiri.

Mengine nayapitia haraka. Duara tupu lililotokea ghafla, laini, bila magamba, ni kinga ya mwili inashambulia nywele, ina tiba yake. Duara lenye magamba na nywele zilizokatika ni mapunye, hasa kwa watoto, na yanahitaji dawa ya kumeza. Nywele zikipukutika kichwa kizima miezi miwili mitatu baada ya homa kali, upasuaji au msiba mzito, mara nyingi hurudi zenyewe. Na mabaka mabaka yaliyokaa hovyo kichwani yanaweza kuwa kaswende, kipimo chake ni cha damu na hakina aibu.

#3 Kinyozi Mbagala

Mkuu umeongea kitu kikubwa. Sisi vinyozi ndio tunaona utosi kabla ya mwenyewe. Wateja wangu wengine nawaona pale nywele zinapozungukia panaanza kuwa peupe, nashindwa nianzeje kumwambia. Wengine ukiwaambia wanahama saluni.

Swali: kuna wateja wanataka nipitishe wembe kila wiki ili nywele zirudi nene. Inasaidia?

#4 Mfamasia wa Mtaa

Kinyozi, waambie. Mwambie kwa sauti ya chini wengine wasisikie, lakini mwambie. Wewe ndiye unayeweza kumwokolea mtu miaka.

Wembe haubadilishi chochote, unakata nywele juu ya ngozi na shina liko ndani. Inaonekana nene kwa sababu ncha yake imekatwa butu. Na kwa mwenye ngozi inayoweka vipele kisogoni, kunyoa kugusa ngozi kila wiki kunamwongezea vile vipele vigumu vinavyokuja kuwa makovu. Kwa mwenye utosi mwepesi, punguza pembeni mpaka chini kabisa na juu uache fupi. Pakilingana, utosi haushtui. Ukimwachia ndefu juu ili afunike, jua likimpiga ngozi ndiyo inayoonekana kwanza.

#5 Mlima Uluguru

Uzi mzuri. Twende kwenye dawa sasa, mbona unatuzungusha.

#6 Mfamasia wa Mtaa

Sawa, twende.

Kwa upara wa kurithi, dawa zenye ushahidi wa miaka mingi ni mbili.

Ya kwanza ni minoksidili, kwenye boksi utaiona imeandikwa minoxidil. Ilianza kama kidonge cha presha iliyoshindikana, Marekani ikaidhinishwa 1979, na wagonjwa wakaanza kuota nywele mwilini. Watengenezaji wakaigeuza kuwa ya kupaka, ikakubaliwa kwa upara wa wanaume mwaka 1988 kwa jina la Rogaine. Vijana humu wanaijua kwa ndevu, lakini majaribio yake makuu yalifanyika utosini, kwa hiyo mwenye utosi ndiye mlengwa hasa. Kuna ya asilimia 2 na ya asilimia 5. Jaribio lililodumu wiki 48 lilionyesha ya asilimia 5 iliotesha nywele kwa asilimia 45 zaidi ya ile ya 2.

Namna ya kupaka ndiyo inayowaangusha wengi. Mililita 1 asubuhi, mililita 1 jioni, kwenye ngozi iliyokauka. Siyo kwenye nywele. Tenganisha nywele kwa vidole, dondoshea kwenye ngozi ya utosi, sambaza kwa ncha ya kidole, nawa mikono, subiri ikauke kabla hujalala au kuvaa kofia. Kupaka mara mbili ya kipimo hakuharakishi, kunaongeza madhara tu. Ikikuwasha na kutoa magamba, mara nyingi kinachokusumbua ni propilini glaikoli iliyomo kwenye maji yake. Ile ya povu haina.

Wiki za mwanzo nywele zinaweza kudondoka zaidi. Hapo ndipo watu wanaitupa. Ni nywele zilizokuwa zimepumzika zinapisha mpya, vumilia. Usiihukumu kabla ya miezi 4 hadi 6, na hukumu ya mwisho iwe mwaka. Ukiacha, ulichokipata kinaondoka ndani ya miezi michache. Ukisikia moyo unakwenda mbio, kizunguzungu, maumivu ya kifua au miguu kuvimba, acha na umwone daktari. Mwenye ugonjwa wa moyo aulize kabla hajaanza.

Ya pili ni finasteridi, kidonge cha miligramu 1 kwa siku, kilichoidhinishwa Marekani kwa upara mwaka 1997. Ile ya miligramu 5 ilitangulia mwaka 1992 kwa tezi dume. Inashusha DHT kwenye damu kwa takribani asilimia 70. Kwenye jaribio lililochapishwa 1998, wanaume 1,553 wa miaka 18 hadi 41 waliokuwa wakipungukiwa utosini walifuatiliwa; baada ya miaka miwili, asilimia 83 ya waliomeza dawa hawakuwa wamepoteza idadi ya nywele zao, dhidi ya asilimia 28 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Ndiyo maana nasema kazi yake kubwa ni kuzuia. Ukiwahi, unashikilia ulichonacho.

Ila hii haiuzwi kama pipi. Wachache, kama mmoja au wawili katika 100, hupungukiwa hamu au nguvu za tendo. Kwa wengi hurudi wakiacha, wapo walioripoti kwamba yaliendelea. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilithibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni miongoni mwa madhara ya vidonge hivi. Kwa hiyo aliyewahi kuwa na sonona amweleze daktari wazi, na ukiona hali yako inabadilika, acha na uombe msaada siku hiyo hiyo, mwambie na mtu wa nyumbani.

Kuna jingine ambalo wateja wangu karibu wote hawalijui. Finasteridi inashusha kipimo cha damu cha tezi dume, PSA, kwa karibu nusu. Ukipimwa bila kusema unaitumia, majibu yanaweza kuonekana salama wakati si salama. Saratani ya tezi dume inatusumbua sana sisi watu weusi, kwa hiyo mtaje daktari dawa hii kila unapopima.

#7 MamaWawili

Naomba kuuliza kaka. Mume wangu ameanza kupaka hiyo ya maji na ananunua vidonge vikubwa anavikata kwa wembe. Mimi ni mjamzito wa miezi minne. Na nyumbani tuna paka.

#8 Mfamasia wa Mtaa

Dada, asante kwa kuuliza, swali lako ni la muhimu kuliko yote humu.

Usishike vidonge vya finasteridi vilivyokatwa au kusagika, wala usifute ule unga mezani. Inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Kidonge kizima kina ganda, hatari iko kikishavunjwa. Kwa hali yako, aache kabisa kukatia nyumbani. Amwone daktari aandikiwe cha miligramu 1. Kwa sababu hiyo hiyo, anayemeza dawa hii hachangii damu mpaka mwezi upite tangu aache.

Ile ya kupaka, asikulalie ikiwa mbichi kichwani, na mto wake uwe wake peke yake. Paka akilamba hata kidogo anaweza kufa, kwa hiyo chupa iwe kabatini na asimruhusu kulala kichwani kwake. Watoto wadogo nao wasikibusu kile kichwa kabla hakijakauka.

#9 Mjukuu wa Tanga

Vipi vidonge vya bayotini, ile vitamini? Na maji ya kitunguu kuna jamaa yangu anaapa yamemsaidia. Halafu Uturuki wanapandikiza nywele, nimeanza kudunduliza.

#10 Mfamasia wa Mtaa

Bayotini inamsaidia mwenye upungufu wake, na upungufu huo ni nadra. Ukimeza dozi kubwa inaweza kuvuruga majibu ya vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi ya shingo na vya mshtuko wa moyo. Kitunguu kilipata utafiti mdogo kwa wale wa maduara ya ghafla, ambao wengine hupona bila dawa yoyote. Mafuta ya nyonyo na ya nazi yanalainisha nywele uliyonayo, hayafiki kwenye DHT. Ukipenda kupaka, paka, ila usiyape kazi isiyo yao. Krimu za steroidi zinazouzwa kwenye maduka ya vipodozi ndizo ninazokataza kabisa: zinaikondesha ngozi. Daktari akikuandikia kwa upara wa kovu, hilo ni jambo jingine.

Upandikizaji ni tiba ya kweli, unahamisha mashina ya kisogoni ambayo hayajali DHT. Lakini kabla hujakata tiketi zingatia haya. Nywele zetu zimejikunja mpaka ndani ya ngozi, shina lenyewe limepinda, na asiyezoea kichwa cha Mwafrika anazikata shina akizitoa. Muulize ameshawafanyia wangapi wenye nywele kama zako na uone picha zao baada ya mwaka mzima. Ukiwa na historia ya kuota kovu la kuvimba, sema mapema. Na kwa utosi hasa: ukipandikiza ukiwa kijana na upara unaendelea kutanuka, unabaki na nywele katikati zilizozungukwa na ngozi tupu, huku akiba ya kisogoni imepungua. Wapasuaji waangalifu humtaka kijana atulize upara kwa dawa kwanza. Na kama ni upara wa kovu ambao bado unawaka, nywele za kupandikiza zinaweza kufa zote.

#11 Mzee Kigamboni

Mimi nina miaka 58, upara wangu wa utosi wa siku nyingi na sihitaji nywele. Nimesikia mahali kwamba upara wa huku juu unahusiana na moyo. Kuna ukweli?

#12 Mfamasia wa Mtaa

Shikamoo mzee wangu.

Upo ukweli, tuseme kwa kipimo chake. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walikusanya tafiti sita zenye watu karibu 37,000, wakachapisha kwenye jarida la BMJ Open. Wanaume wenye upara mkubwa walionekana kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 32 zaidi ya wasio na upara, na kwa upara wa utosini uhusiano ulikua kadiri upara ulivyokuwa mkubwa. Kwa wenye upara wa mbele pekee uhusiano huo haukuonekana. Hii haina maana kwamba upara unaharibu moyo, wala kwamba nywele zikirudi moyo unapona. Ina maana kwamba mzee kama wewe apime presha, sukari na lehemu bila kungoja dalili. Pita kituo chochote cha afya wiki hii, presha ni dakika chache. Na kichwa kikiwa wazi, jua letu ni kali: vaa kofia au baraghashia ukitembea mchana.

#13 Dogo wa Ubungo

Mimi nina 24, utosi umeanza, chuoni wananiita mzee. Nisiwe muongo, inaniumiza sana. Nianzie wapi? Au ninyoe upara wote tu?

#14 Mfamasia wa Mtaa

Pole mdogo wangu. Kunyoa kichwa kizima ni jibu halali, wengi wamelichagua na wanapendeza, na halikufungii njia. Shina liko pale pale ukibadili mawazo. Ila usinyoe kwa sababu ya kelele za chuoni.

Kama unataka kutibu, umri wako ndio mzuri, maana mashina mengi bado yako hai. Fanya ile ya tochi kwanza. Pakiwa hapawashi, hapaumi na vitundu vipo, anza na ya kupaka asilimia 5, nunua famasi yenye kibali, angalia namba ya bechi na tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye chupa na kwenye boksi, zifanane. Finasteridi uiongelee na daktari uso kwa uso, usiichukue kwa mtu wa WhatsApp. Piga hesabu ya mwaka mzima kabla hujanunua chupa ya kwanza, kwa sababu kuanza na kuishia njiani ni hela iliyopotea.

Leo piga picha ya utosi: kaa kiti kile kile, mchana, karibu na dirisha lile lile, nywele zikiwa fupi na kavu, rafiki ashike simu juu ya kichwa. Rudia kila mwezi, usiangalie kila siku. Baada ya miezi 6 rudi humu na picha ya kwanza na ya mwisho, na ukate sehemu ya uso kabla hujazipandisha.

#15 Dogo wa Ubungo

Asante sana kaka. Ya tochi nimemwambia roommate anifanyie kesho mchana. Akikuta pananing'aa?

#16 Mfamasia wa Mtaa

Hapo usipake chochote. Nenda kliniki ya ngozi ukiwa hujapaka mafuta, usinyoe siku hizo ili daktari aone nywele zilizobaki ukingoni, na umwambie kama panawasha au hapawashi. Niandikie atakachokuambia, tutaendelea kutokea hapo.